Ng'ombe Waliokosa Mwenyewe

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na watu wote waliotangulia kwenye foleni ya hela ya pole kwa waliopoteza mifugo, pale ofisi ya kata, walikuwa wamelijibu bila kufikiri. Bwana mifugo, Halfani, mtu wa Majengo mjini Mpanda, mnene, mwenye tabia ya kujifuta shingo kwa leso hata asubuhi ya baridi, aliuliza bila kuinua macho.

"Mama, ng'ombe waliokufa ni wa nani?"

Specioza alijibu kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alivyofundishwa Burundi kabla hajavuka mpaka na mzigo kichwani.

"Ni wa Makarius."

"Makarius ndiye mumeo?"

"Hapana. Mume wangu alikuwa Gervais, amefariki. Makarius yuko Mamba, kule Mpimbwe."

"Namba yake ya simu unayo?"

Alikuwa nayo. Halfani akaiandika, akasema asante mama, anayefuata. Aliyefuata ni Ambrosi, jirani yake Specioza, ambaye hakuwahi kukaa kimya hata kanisani. Akaisukuma kofia yake nyuma na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mimi nimepoteza wanne, bwana mifugo. Na kuna wa tano amebaki na kikohozi, huyo naye mwandike tu, maji aliyanywa."

Watu wakacheka. Specioza naye akacheka, akashika njia ya nyumbani moyo ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Alikuwa amesema neno la adabu mbele za watu, na aliamini kwamba neno la adabu haliwezi kumletea mtu hasara.

Alizaliwa hapo hapo Katumba, wakati ule pakiwa bado makazi ya wakimbizi na mtu haruhusiwi kutoka bila kibali. Alilia na kucheka hapo, akaolewa hapo, na siku walipopewa uraia alikuwa amevaa kitenge kile kile alichovaa kwenye ubatizo wa Jeannine, mwanawe wa pekee. Leo ukimwuliza yeye ni mtu wa wapi, anasema wa Katavi, na hasemi zaidi. Lakini kuna mambo ambayo kitambulisho hakiyagusi. Mojawapo ni ng'ombe.

Makarius ndiye aliyempa Gervais mtamba wa kwanza. Ilikuwa zamani, Gervais akiwa kijana asiye na kitu, na Makarius akiwa mtu mwenye zizi la kuangaliwa na wapita njia. Gervais alikuwa amemwuguza baba yake Makarius mwaka mzima, akimgeuza kitandani na kumwosha, kazi ambayo hata wana wa kuzaa huikimbia. Mzee alipozikwa, Makarius akamtoa Gaju, mtamba mwekundu mwenye macho ya upole, akamkabidhi kamba. Watu wao huliita jambo hilo kugabira. Ni kutoa ng'ombe, lakini pia ni kujifunga. Anayepewa hunywa maziwa, hulima kwa samadi, huuza dume akipata shida, na ndama wanaozaliwa hulala zizini kwake. Ila mdomoni mwake ng'ombe hubaki wa yule aliyempa. Akiulizwa, hulitaja jina la mtoaji. Siku akisema "ni wangu" ilhali mtoaji bado yu hai, ni kama amemfukia mtu mzima angali anapumua.

Miaka ikapita juu ya mazoea hayo. Gaju akazaa, wazao wake wakazaa. Gervais akafa kwa homa ya ini, akamwachia mkewe shamba la mahindi na karanga, nyumba ya bati lenye kutu, na ng'ombe watatu: Gaju mdogo, aliyerithi jina na macho ya bibi yake, Sabuni, ambaye alikuwa mweupe pe, na dume moja kichwa ngumu lisilo na jina. Specioza hakuwa tajiri kwa ng'ombe hao. Alikuwa tu mtu mwenye asubuhi. Aliamka kwa ajili yao. Mwanamke aliyefiwa na mume anahitaji kitu kinachomlilia alfajiri kikitaka kufunguliwa, na yeye alikuwa nacho.

Kisha ikaja mvua ile ya mwezi wa nne. Bonde ambalo watu walizoea kulivuka ndala zikiwa mkononi lilijaa, likapungua, likajaa tena. Majirani walichunga kwa zamu ng'ambo ya bonde, mbali na mashamba, ili mifugo isile mazao. Mchana mmoja, mawingu yakiwa yamekaa mbali kabisa upande wa milima, waliona ni salama kuwarudisha. Kundi lilipokuwa katikati, maji yakaja kutoka juu, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Waliokuwa mbele walipanda ukingo. Waliokuwa nyuma hawakuonekana tena. Hakukupatikana mzoga, wala pembe, wala mkia.

Na hapo ndipo Specioza alipofanya kosa lake. Ng'ombe wa kupewa akifa, desturi inataka ngozi yake ipelekwe kwa mtoaji. Ngozi ndiyo taarifa, ndiyo pia ushahidi kwamba hukumuuza kwa siri wala kumla kwa tamaa. Sasa angempelekea Makarius nini? Angekwenda mikono mitupu na kusema maji yamewachukua wote watatu? Aliahirisha juma la kwanza kwa kuwa barabara ilikatika. Aliahirisha la pili kwa kuwa mahindi yalilala. Baada ya hapo aliahirisha kwa sababu alikuwa ameahirisha, na aibu ikawa kama donda ambalo mtu analifunika nguo.

Jeannine alikuja kutoka mjini akaliona zizi tupu, akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Mama, nimepanga vyumba viwili. Kimoja ni chako. Uza shamba, uje Majengo. Huna ng'ombe, huna samadi, ardhi yenyewe imechoka. Utakaa hapa unafanya nini?"

"Nitakaa nikisubiri huo mkono wa pole wa serikali," Specioza alisema. "Nikipata hata mtamba mmoja, nabaki. Nikikosa, nakufuata."

Walikubaliana hivyo. Kwa hiyo siku ile aliporudi kutoka ofisi ya kata, alichukua fagio akalifagia zizi, ingawa hapakuwa na kitu cha kufagia.

*

Halfani alipiga simu siku ya Alhamisi, Specioza akiwa anapura maharage uani.

"Mama Jeannine, shikamoo. Mzee wako wa Mamba amenishangaza."

"Marahaba mwanangu. Amekushangazaje?"

"Nimempigia kumhakiki. Namwambia mzee, pole kwa ng'ombe wako watatu wa Katumba, anasema yeye hana hata kwato Katumba. Anasema ng'ombe ni wa Gervais. Nikamwambia Gervais amefariki. Akasema anajua, alikuwepo mazishini. Sasa mama, nimtumie marehemu hela?"

Specioza aliketi juu ya gunia.

"Ulimwambia kwamba wamekufa?"

"Si ndiyo kazi yangu, mama? Nampa pole mtu kwa ng'ombe aliye hai?"

"Alisema nini?"

"Alinyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema hayo ya Gervais." Halfani alivuta pumzi. "Sikiliza mama yangu. Wewe unasema ni wa Makarius, Makarius anasema ni wa Gervais. Hao ng'ombe hawana mwenyewe, na ng'ombe asiye na mwenyewe hafutiwi machozi. Majina yanakwenda mkoani Jumatatu. Kaeni nyie kwa nyie mnipe mtu mmoja. Mmoja tu, aseme ni wangu, nimsikie. Mkishindwa, nafuta."

Kwa muda mrefu baada ya simu kukatika, Specioza hakuwa anawaza hela. Alikuwa anamwona Makarius akiwa amesimama mahali fulani na simu sikioni, akipewa habari za msiba wake na mtu asiyemjua. Kimya kile Halfani alichodhani ni mtandao, yeye alikielewa vizuri.

Kesho yake alikwenda mjini. Jeannine alishona nguo kwenye kibaraza cha duka la Hadia, mwanamke wa makamo aliyeuza vitenge na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu. Specioza alieleza yote akiwa amesimama, mkoba begani.

"Mama, ni neno moja," Jeannine alisema bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Sema ni wako. Umewalisha wewe, umewakamua wewe. Nani atakukatalia?"

"Hakuna atakayenikatalia. Ndiyo maana siwezi."

"Haya sasa," Hadia aliingilia kutoka ndani, mita ya kupimia vitambaa ikiwa shingoni. "Mimi nisaidieni, maana mimi ni mtu wa biashara. Kitu ukishapewa si chako?"

"Ni changu, dada. Ila sisemi."

"Unakula lakini husemi."

"Ndiyo."

"Na yeye aliyetoa?"

"Naye hasemi ni chake. Akisema, amekuwa mtu wa kutoa leo na kudai kesho. Anaharibika jina."

Hadia aliwatazama mama na mwana kwa zamu. "Kwa hiyo kwenu nyie, ng'ombe wakiwa hai wana baba wawili, wakifa yatima. Mashallah." Kisha akamgeukia Jeannine. "Mpe mama nauli aende huko Mamba. Jambo hili halitamalizika kwa simu, simu ndiyo iliyoliharibu."

*

Kwa Makarius hakuendwi mikono mitupu, na kama ngozi hakuna, pombe ya ndizi ipo. Specioza alinunua dumu dogo mtaa wa Nsemulwa kwa mwanamke aliyeijua pombe yenyewe, akalifunga mdomo kwa jani na kamba, akalipakata njia nzima. Basi lilipita Sitalike, likaingia hifadhini, abiria wakaacha kuzungumza kidogo kuwatazama twiga, kisha wakaendelea kuzungumza. Yeye hakutazama. Alikuwa akitunga maneno ya kuanzia, akiyavunja, akiyatunga upya. Alifikiria jinsi mtu anavyoweza kukaa miaka mingi na deni la shukrani bila kulisikia uzito, hadi siku anapotakiwa kulisema kwa sauti.

Mamba ilikuwa na harufu ya mpunga mpya. Mbele ya nyumba ya Makarius mpunga ulianikwa juu ya maturubai, na mkewe, Rosine, alikuwa akiugeuza kwa miguu, hatua ndogo ndogo kama mtu anayecheza peke yake. Alipomwona mgeni alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia, akalipokea dumu.

"Mke wa Gervais! Na umekuja na dumu kabisa! Ingia, ingia. Mzee yupo. Amenuna tangu Alhamisi, hata mimi hanisemeshi."

Makarius alikuwa ameketi ndani kwenye kiti cha kamba. Alikuwa amepungua, mabega yamesogeleana. Specioza alipiga goti kidogo, akamwamkia, naye akaitikia kwa heshima yote, akamwuliza habari za Jeannine, za mvua, za majirani, mmoja mmoja kwa majina. Hakuuliza za ng'ombe. Rosine aliimimina pombe. Walikunywa. Nzi alizunguka. Mwishowe Makarius akaweka kikombe chini.

"Nilipigiwa simu na mtu wa serikali," alisema. "Kijana mwenye adabu. Akanipa pole."

"Mzee wangu, nisamehe."

"Nilikuwa sokoni. Nikapewa pole sokoni, watu wananiangalia, sijui ninalilia nini."

"Sikuwa na ngozi." Maneno yote aliyoyatunga ndani ya basi yalikuwa yamekwisha. "Maji yaliwachukua wazima wazima. Nilitafuta ukingoni hadi nikachoka. Ningekuja na nini? Ningesema nini, nawe ungeona nini mkononi mwangu?"

Makarius alimtazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, ambao uso wa mzee hauwezi kuuigiza.

"Kwa hiyo ulifikiri nitasema umewala?"

Specioza alikazia macho kikombe chake.

"Mke wa Gervais. Mtu aliyemwosha baba yangu. Nikuambie umewala?" Alitikisa kichwa. "Hapo ndipo uliponiumiza. Si ng'ombe. Ng'ombe hufa."

Specioza alilia kidogo, kimyakimya, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo, na wote wawili walimwachia nafasi ya kukimaliza. Kisha, kwa kuwa alikuja na jambo, akalisema: bwana mifugo anataka mtu mmoja, Jumatatu majina yanakwenda, na bila mkono huo wa pole hakuna mtamba, na bila mtamba anahamia chumba cha nyuma cha Jeannine mjini.

"Sema wewe ni wako, mzee," alimaliza. "Hela ije kwako. Ni haki yako, nami nitajua la kufanya."

"Haiwezekani. Nilimpa Gervais."

"Lakini mzee, mimi nimeona hapo nje." Alisita. Tangu aingie uani alikuwa ameliona zizi la Makarius, miti yake imelala, mbuzi wawili wamefungwa mahali walipolala ng'ombe wa kuangaliwa na wapita njia. "Na wewe huna kitu."

Rosine ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni. "Wa mwisho waliuzwa mwaka jana. Mguu wake ulitaka kukatwa, tukaenda hospitali hadi Mbeya. Mguu umebaki, ng'ombe wamekwisha."

Basi mzee huyu asiye na ng'ombe alipigiwa simu akiwa sokoni, akaambiwa kuna hela ya ng'ombe watatu kwa jina lake, aseme tu ndiyo. Naye akasema si wangu. Specioza alimtazama, akaona kwamba maisha yake yote alikuwa amemheshimu mtu huyu kwa mazoea tu, kama anavyofanya ishara ya msalaba. Leo alimheshimu kwa kumjua.

"Nyie wawili," Rosine alisema, mikono kiunoni, "mmegawana uungwana kiasi kwamba hela ya watu inarudi Dodoma. Huo uungwana jioni nitaupikia mchuzi gani?"

Makarius akacheka. Alicheka hadi akakohoa, na Rosine akampiga mgongoni. Alipotulia alikaa akifikiri, kidole kikigonga ukingo wa kiti.

"Serikali haina kosa," alisema polepole. "Inataka jina moja, na sisi tulikuwa wawili. Sasa tufanye hivi. Mtoaji anaweza kuachia. Baba yangu aliwahi kumwachia mtu, nikaona. Anasema mbele ya watu kwamba kamba yote ni yako, hata ncha niliyoishika mimi. Basi. Baada ya hapo ukisema ni wangu, hujamfukia mtu."

"Wao wamekufa, mzee. Utaachia nini?"

"Nitaachia hao hao waliokufa. Mpigie huyo kijana. Rosine, waite watu wa kwenye mpunga, nataka masikio."

Kiti cha mzee kikatolewa uani, wakaja majirani wanne watano, na makapi kwenye nywele, wakidhani kuna ugomvi. Specioza akapiga simu, akaifungua sauti wote wasikie. Makarius akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya mguu, lakini alikataa kushikwa. Akavua kofia.

"Bwana mifugo, ni Makarius wa Mamba. Nisikie vizuri, na kama kuna watu karibu yako wasikie pia."

"Nakusikia mzee, shikamoo. Tuko ofisini watu watatu."

"Marahaba. Ng'ombe wale nilimpa Gervais kwa mkono wangu, kwa sababu ninayoijua mimi na Mungu. Gervais hayupo. Leo namwachia mke wake, Specioza, kwato na pembe, na waliozaliwa na ambao wangezaliwa. Kitu chochote kinachowafuata nyuma, kimfuate yeye."

Kisha sauti ya Halfani, taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja bovu.

"Mzee, naomba nielewe. Unampa ng'ombe waliokufa?"

"Walio hai ningewatoa wapi, mwanangu?"

Majirani wakaangua kicheko, na kwenye simu nako wakasikika watu wakicheka. "Sawa mzee," Halfani alisema. "Nenda kwa mtendaji wa hapo kwako akugongee mhuri, anitumie. Lakini kwanza nimsikie mama. Mama Jeannine, upo?"

"Nipo."

"Ng'ombe waliokufa ni wa nani?"

Watu wote uani walimtazama. Alifungua mdomo, na mdomo ukataka kwenda ulikozoea. Alifikiri kwamba akishalisema neno hili atakuwa mwenye mali kamili, na mwenye mali kamili ni mtu wa peke yake. Hapatakuwa na jina la kutanguliza mbele yake. Mtu akimwuliza, atajibu mwenyewe. Gervais alikuwa kaburini, Jeannine alikuwa mjini, na sasa hata Makarius alikuwa ameachia kamba. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kofia kifuani, akisubiri, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo kama mzazi anayemsaidia mtoto kusoma.

"Ni wangu," Specioza alisema.

"Haya. Ahsante mama. Na pole sana kwa msiba."

Ilikuwa pole ya kwanza aliyopewa yeye mwenyewe, kwa jina lake. Hakujua kwamba alikuwa anaihitaji hivyo.

Majirani walibaki wakasaidia kulimaliza dumu. Makarius alikuwa ameketi tena, amechoka, uso mtulivu.

"Umeshakuwa mkubwa," alimwambia. "Hunihitaji tena."

"Usiseme hivyo mzee. Ukinitupa leo, nani atanichagulia mtamba? Mimi nimekamua tu maisha yangu yote, sijawahi kununua. Wale madalali wa mnadani wataniuzia mbuzi mwenye mapembe makubwa."

"Una jicho wewe."

"Sina. Utakuja?"

"Ukinipigia, nitakuja," alisema. Rosine, aliyekuwa akiufunika mpunga, akageuza uso upande mwingine.

*

Ujumbe wa hela uliingia kwenye simu yake wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka na upepo umejaa vumbi. Haikufika thamani ya ng'ombe watatu, wala wawili. Ambrosi alilalamika kwa niaba ya kata nzima. "Wamenifuta jicho moja tu," alisema, "hili la kushoto bado linatiririka." Lakini naye alinunua ndama, akamwogesha kwa sabuni ya kufulia watu wamwone anang'aa.

Specioza alinunua siku ya mnada. Makarius alikuja kweli, kwa basi, na fimbo, na shati lililopigwa pasi na Rosine kwa makini hadi mikunjo ikasimama. Alizunguka mazizi ya mnadani kama mtu aliyerudi kijijini kwao. Aliwagusa ng'ombe nyongani, akawatazama kwato, akawapulizia puani aone kama wanashtuka. Dalali mmoja akamwita babu, akamwuliza kama anatafuta mchumba. "Ndiyo," Makarius alijibu, "ila wako wana meno mabaya." Alipomaliza, alimwonyesha mtamba mmoja mweusi, mpana, mtulivu.

"Huyu. Ana kiuno cha kuzaa. Tazama anavyosimama."

Specioza alimtazama. Alikuwa mtamba mzuri, hakuna aliyeweza kulikana hilo. Lakini pembeni, amefungwa peke yake kwa sababu aliwasumbua wengine, palikuwa na mwingine mdogo zaidi, wa madoa, sikio moja limepasuka, akiivuta kamba na kuwatazama watu moja kwa moja machoni.

"Namtaka yule," alisema.

"Yule? Yule ni msumbufu. Atakuvunjia zizi."

"Nitalijenga upya."

"Mke wa Gervais, umeniita kutoka Mamba nikuchagulie."

"Nilikuita, na umechagua vizuri, mzee. Ila atakayekamua ni mimi." Alijisikia akisema hivyo na akashangaa kwamba sauti haikutetemeka. "Naye mtamba wa kwanza atakayezaliwa atakuja Mamba. Zizi lako lile ulisimamishe miti."

Makarius alifikicha jicho, akalaumu vumbi, akamwita dalali wa yule wa madoa na kuanza kugombana naye juu ya bei kwa nguvu ambazo mguu wake haukuwa nazo. Waligombana hadi watu wakakusanyika. Walipopatana, dalali alikuwa amevua kofia, anajipepea.

Walitoka mjini polepole, Specioza mbele na kamba, Makarius nyuma na fimbo yake. Jeannine aliwapita akiwa kwenye bodaboda, akitoka kuwapelekea wateja nguo, akamsimamisha dereva kando ya barabara. Akamtazama mtamba, sikio lile, macho yale.

"Kwa hiyo chumba nikipangishe?"

"Kipangishe," mama yake alisema. "Lakini mtafute mtu mpole, usije ukapata shida."

Jeannine akacheka, akampungia mzee mkono, bodaboda ikaondoka. Mtamba wa madoa aliona majani mabichi machache kwenye mtaro uliovuja maji, akasimama ghafla, akainamisha kichwa. Specioza aliivuta kamba mara moja, akaona haimsogezi, akailegeza. Makarius akafika, akaegemea fimbo yake. Wakasimama wote wawili kwenye jua, wakimsubiri ashibe.